Ulichomwambia Mama Yako Jumanne

Yeoville, Johannesburg
Januari 2019, alasiri

Faida, binti yangu,

Wewe na mama yako mmeshuka saluni kusuka nywele zako za safari, na kwa kuwa umechagua misuko ile midogo, najua nina saa tatu au nne peke yangu. Uliniomba nifunge zipu ya sanduku lako iliyokuwa ikigoma. Ili ifunge ilinibidi nitoe blanketi nilikunje upya, na ndani ya blanketi nimeikuta karatasi ya hospitali.

Nimeisoma mara tatu. Inasema kwamba katika picha ya kifua cha mama yako iliyopigwa Jumanne limeonekana doa kwenye pafu la kulia. Inasema haijulikani doa hilo ni nini. Inasema Alhamisi ijayo, saa mbili asubuhi, afike bila kukosa kwa ajili ya skani, akiwa na karatasi hiyo hiyo mkononi.

Jumanne jioni nilipotoka kazini mama yako alinipokea mlangoni akitabasamu. "Faida anasema kifua kiko muzuri," aliniambia. "Turudi mwezi wa saba." Wewe ulikuwa unaosha vyombo, na hukugeuka.

Kesho saa nne asubuhi unapanda basi kwenda Durban, chuoni. Karatasi ambayo bila hiyo mama yako hatapokelewa Alhamisi ingesafiri nawe, ndani ya blanketi.

Nina hasira nawe, Faida. Nalitanguliza hilo, maana ukilikuta katikati ya barua utadhani limeniponyoka. Watu wa kanisani wamezoea kunisikia nikisema maneno yaliyopigwa pasi, na wewe umekua ukiyasikia hayo hayo nyumbani. Leo pasi nimeiweka chini. Sitakuandikia habari za kula kwa wakati, kufunga mlango na kuchagua marafiki. Hayo mama yako amekwisha kukueleza mara nyingi kuliko ulivyopenda. Nitakuandikia kuhusu uongo ulioutamka Jumanne, kwa sababu naufahamu vizuri. Kabla haujawa wako ulikuwa wangu.

Ulikuwa na miaka kumi na minne nilipokupandisha jukwaani. Kanisa letu unalijua: mhubiri anahubiri kwa Kifaransa, mimi nasimama kando ya bega lake la kushoto na kipaza sauti cha pili, nageuza kwa Kiswahili, na wewe, kwa ajili ya vijana waliozaliwa hapa, unageuza Kiswahili changu kwa Kiingereza. Nilijivuna sana siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimekufundisha kwa miezi, hapa hapa mezani, na somo kuu nililokupa lilikuwa hili: mkalimani mzuri hafuati kila neno, anausoma moyo wa msemaji, kisha anawapa watu kile wanachoweza kubeba.

Ulinikumbusha mwenyewe siku moja ukicheka, habari ya yule mhubiri mgeni kutoka Kinshasa aliyetuambia, kwa Kifaransa cha kukata, kwamba sisi tulioikimbia Kivu ni waoga tulioacha makaburi ya wazazi wetu kwa mbwa. Mimi nikasema kwenye kipaza sauti: "Anasema mmetoka mbali, na Mungu anajua uchovu wenu." Kanisa zima likapiga makofi. Mhubiri akashangaa jinsi maonyo yake yalivyopokelewa kwa furaha. Mzee Bonane, anayejua Kifaransa, alinifuata nje akanishika mkono. "Mwalimu," alisema, "yule alipika pilipili, weye ukatuletea chai." Tulicheka mpaka machozi.

Nilipaswa kulia. Niliirudia chai ile miaka mingi, mpaka siku ilipohitajika pilipili nikawa sina tena ulimi wa kuitamka.

Sehemu unayoijua ni ya mwisho tu. Ngoja nikuambie ya mwanzo, ambayo sijamwambia mtu.

Mwaka 2016 mama yako alipata kivimbe kwenye titi la kushoto. Kliniki walisema ni kile cha kawaida, kinachowapata wasichana, kisicho na madhara. Hospitali walikitoa, wakakipeleka maabara, na baada ya wiki tatu tukaitwa kusikia majibu. Mlangoni muuguzi alimuuliza mama yako jina, na mama yako akanitazama mimi. "Nyinyi watu," muuguzi akasema, "miaka kumi mko hapa na hamjifunzi kusema." Kisha akaniuliza kama mimi ni mumewe, nikasema ndiyo, akasema basi wewe utamtafsiria. Hakuna aliyeuliza kama mume ni mtu wa kufaa kuwa ulimi wa mkewe mbele ya daktari. Nina hasira na mlango ule mpaka leo. Hasira hiyo haipunguzi ile niliyo nayo juu yangu.

Daktari alikuwa kijana, amechoka, na alisema akiandika. Alisema sentensi sita. Nazikumbuka kama mtu anavyokumbuka hukumu yake.

Uvimbe huu si ule tuliodhani. Unaitwa filodi, jina la kale linalotokana na jani, kwa sababu ukipasuliwa ndani yake huonekana kama majani yaliyobanana, nao ni nadra sana. Wa mke wako uko katikati: si mpole kabisa, wala si mkali kabisa. Tuliutoa kama kiini kinavyotolewa kwenye yai, na maabara inasema kwenye ukingo wa nyama tuliyokata mabaki yake bado yapo. Lazima tukate tena, upana wa sentimita moja kuuzunguka mahali ulipokuwa, na tusichelewe. Tusipokata una nafasi kubwa ya kurudi, na ukirudi unaweza kurudi ukiwa mkali zaidi.

Mama yako alinivuta shati. "Papa Faida, anasema nini?"

Nikasema: "Anasema uvimbe ulikuwa wa aina ngeni, lakini wameutoa. Watakuwa wanakuangalia. Tumshukuru Mungu."

"Yeye ameongea mingi, weye unasema kidogo."

"Kiingereza kina maneno mengi," nikamjibu, naye akacheka.

Daktari akainua uso kwa mara ya kwanza. Aliuliza kama mama anakubali upasuaji wa pili. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu kizuri cha darasani, kwamba mama angependa kulitafakari nyumbani. Akasema asitafakari sana. Mama yako akauliza tena anasema nini, nikamwambia: "Anakutakia afya njema."

Kwa hiyo usidhani niliteleza ulimi. Nilimdanganya mke wangu kwa lugha moja na daktari kwa lugha nyingine, kwenye kiti kimoja, ndani ya dakika tano. Kila mmoja alitoka akiamini amesikilizwa.

Sababu ninazo, na nakupa ili uone jinsi zilivyo za heshima. Mama mdogo wako Cito alikufa Bukavu kwenye meza ya upasuaji, akijifungua, na mama yako ndiye aliyekuwa amemsukuma aingie. Alipokatwa mara ya kwanza alitapika kwa woga siku mbili kabla. Asubuhi ile ya majibu, ndani ya taksi, aliniambia: "Minaogopa kisu kuliko hata ugonjwa." Nilipozisikia zile sentensi sita niliuona uso wake wa ndani ya taksi. Nikasema moyoni, si hapa, mbele ya mtu huyu asiyemtazama. Nitamwambia nyumbani, kwa upole, kwa maneno yangu. Nyumbani alikuwa akiimba akipika. Nikasema nitamwambia Jumapili.

Jumapili akasimama kutoa ushuhuda.

Unaikumbuka siku ile, kwa sababu ulikuwa jukwaani nasi. Mama yako alisema kwa Kiswahili kwamba madaktari wametoa kila kitu na hakuna kilichobaki. Mimi nikamgeuzia Mchungaji Elisha kwa Kifaransa. Wewe ukawageuzia vijana kwa Kiingereza. Familia moja, lugha tatu, na mtu mmoja tu kati yetu aliyejua kwamba hakuna lugha hata moja iliyokuwa ikisema kweli. Nilikuacha utangaze uongo wangu kwa sauti yako ya kitoto. Kati ya yote niliyoyafanya, hilo ndilo linaloniamsha.

Baada ya ushuhuda, hapakuwa tena na mahali pa kumwambia. Miezi ilipopita nilimgusia Mchungaji kwamba huenda mama arudi kuangaliwa. Alinitazama kama niliyepotoka. "Mwalimu, ushuhuda umeshatolewa," alisema. "Utamrudishia Mungu zawadi yake?" Nilipaswa kumjibu kwamba Mungu hakuulizwa; niliyesema ni mimi. Nikasema, "Amina, Mchungaji." Namkasirikia, na namkasirikia zaidi kwa sababu alinipa nilichokuwa nakitafuta.

Aliyeugundua uvimbe uliporudi ni mama yako mwenyewe, kwa futi yake ya ushonaji. Alikuwa akijishonea blauzi ya Pasaka ya 2017. Alijipima, akachora kwa chaki, akakata. Wiki mbili baadaye alipoijaribu, upande wa kushoto ulikuwa umebana. Akadhani amekosea kukata. Akajipima tena. Fundi wa miaka ishirini hakosei inchi mbili. Aliniita akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Papa Faida, njoo uone. Ile kitu imerudi." Nilipouweka mkono wangu pale, ulikuwa mkubwa kama parachichi, na ngozi juu yake inang'aa.

Siku ya hospitali nilikuwa na zamu ya ulinzi langoni kule Newtown, na msimamizi wangu hakunipa ruhusa. Hivyo ndivyo ninavyosema. Kweli ni kwamba sikuiomba. Ukaenda wewe, ukiwa na sare ya shule.

Daktari wa kike aliyewapokea alifungua faili akasema kwamba mwaka uliopita tuliambiwa turudi kukatwa tena na hatukurudi. Nawe ukamgeukia mama yako ukamwambia lile lile, neno kwa neno, kwa Kiswahili chako cha kukwama, bila kumpima kama anaweza kulibeba. Mama yako alinisimulia. Hakulia, hakupiga kelele. Alikuuliza: "Walimwambia nani?" Nawe ukasema: "Walimwambia Papa."

Niliporudi ulikuwa umekaa kwenye kiti hiki. Ulisema neno moja, kwa Kiingereza, kwamba nilijua.

Toka siku ile mama yako aliamua wewe ndiye utakayekwenda naye. Hakunitukana. Kila karatasi ya hospitali ilipofika alikupa wewe, juu ya kichwa changu, nami nikaona ni haki. Walitoa titi lote. Safari hii kingo zilikuwa safi, lakini maabara walisema uvimbe sasa ni mkali, wakaongeza wiki kadhaa za mionzi. Wewe ulikaa kwenye benchi ukifanya hesabu za shule, ukamtafsiria kila kitu. Ulimwambia kwamba filodi haifanani na saratani nyingine za titi: kwa kawaida haipiti kwenye tezi za kwapa, inapita kwenye damu, na inapopenda kutua ni mapafuni. Ulimwambia kwamba dawa zile za saratani zinazopitishwa mishipani, zinazowasaidia wanawake wengine wa wodini, kwa ugonjwa wake hazina nguvu nyingi. Kwamba kisu ndicho dawa yake, na kwamba kisu kinafaa pale tu kinapowahi. Ulimweleza kwa nini kila miezi sita apigwe picha ya kifua. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Siku za kumtembelea wodini nilikuwa nakusikiliza nikiwa upande wa pili wa pazia, nikaona umekuwa mkalimani bora kuliko mimi, na kwamba umekuwa hivyo kwa kulitupa somo langu.

Sasa unaelewa hasira yangu. Sikukasirikia udhaifu. Nimekasirika kwa sababu ulikuwa umepona ugonjwa wangu, na Jumanne ukaugua tena.

Najua ulichofikiri, hata bila kukuuliza. Ulifikiri: akijua, atasema usiende, au atasema nenda, nami sitaweza kwenda. Ulifikiri: nikifika Durban nitapiga simu, nitamweleza taratibu, nitaipiga picha karatasi nimtumie Papa. Ungepiga simu siku ya kwanza, naye angekuuliza kama chumba kina dirisha. Ungepiga siku ya tatu, naye angekuwa anacheka. Alhamisi ingepita. Baada ya Alhamisi ungehitaji uongo wa pili ili kuulinda wa kwanza, na kupata nafasi nyingine ya skani katika hospitali ile unajua ni miezi mingapi, kwa maana wewe ndiye uliyekuwa ukisimama kwenye foleni.

Wala hukumhurumia, Faida. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Tunaliita huruma kwa kuwa jina hilo linatupendeza. Tulichokuwa tunakilinda ni masikio yetu wenyewe, tusimsikie akilia. Uliyemwonea huruma Jumanne ni wewe, kama nilivyojionea mimi.

Na doa lenyewe? Linaweza kuwa kovu. Mama yako aliugua kifua kikuu kambini, kabla hujazaliwa, na kovu la zamani lililokosekana kwenye picha moja huweza kuonekana kwenye nyingine. Linaweza kuwa filodi. Kama ni filodi, na ni doa moja, na ni dogo, daktari wako yule wa kike alikwisha kuwaambia kwamba yapo mapafu yanayokatwa kipande na mtu akaendelea kuishi. Madoa yakiwa matatu au manne, hakuna atakayeshika kisu, na atakayekuambia kuna dawa ya uhakika anakuuzia maneno. Sijui lipi ni lipi. Wewe hujui. Mama yako ulimpa jibu ambalo hata mashine bado haijalipata.

Sasa nikuambie jambo la mwisho nililolifanya, ili usidhani nakuandikia nikiwa juu ya kilima. Nilipomaliza kuisoma karatasi mara ya tatu, niliirudisha ndani ya blanketi. Nililikunja vizuri, nikalilaza sandukuni, nikafunga zipu, ikafunga bila shida. Nikaketi. Niliwaza kwamba kesho utaondoka kwa furaha, mama yako atakusindikiza kwa furaha, na kwamba si mimi niliyesema uongo huu, kwa hiyo si juu yangu kuufungua. Nilikaa hivyo kwa muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Halafu nikafungua zipu. Mwaka mzima wa 2016 ulikuwa muda kama ule, mtu ameketi, anakunywa chai, sanduku limefungwa.

Ruhusa ya Alhamisi nimeshaiomba kazini. Safari hii nimeomba kweli, kwa simu, kabla sijaanza kuandika. Msimamizi amesema, "Eish, Mwalimu, wiki ya mishahara ndiyo unaniomba?" Nikamwambia hata kama ni wiki ya kiyama. Nitakwenda na mama yako. Nitaomba hospitali watupe mkalimani asiyetujua. Wakisema hawana, nitamtafsiria mimi, kila sentensi kwa mpangilio wake, hata ile atakayoniomba nisiiseme. Naye akiona nimefupisha ana ruhusa ya kunitoa nje.

Lakini ya Jumanne si yangu kuyasema. Nimejizuia nisishuke saluni nimwambie mbele ya watu. Kiswahili chako hukwama kwenye maneno ya hospitali, basi nakuandikia hapa yanayotosha: Mama, Jumanne sikukuambia kweli. Kuna doa kwenye pafu la kulia. Hawajui ni kitu gani. Alhamisi wanataka kuangalia. Ukifika hapo, nyamaza. Usiongeze kwamba Mungu yupo. Mama yako analijua hilo kuliko wewe. Usimwambie asiogope. Mwache aogope akiwa mbele yako. Na atakapouliza kama unaondoka kesho, usimjibu. Muulize yeye anataka nini, kisha ufanye hilo, hata kama ni kupanda basi ukimwacha. Hasa kama ni hilo.

Nimewaona sasa dirishani, mnavuka barabara kwenye taa za robot, yeye ameshika mfuko wa nyanya na wewe umejifunga kitambaa kichwani. Nitakupa barua hii mlangoni, na karatasi ndani yake. Ingia chumbani uisome. Hutakuwa na muda mrefu, kwa sababu mimi nitaanza bila kukusubiri. Miaka miwili hii mama yako anajua nilichofanya kwa kinywa chako tu. Changu hakijawahi kumwambia. Nitamketisha mezani, nitamwambia yule daktari kijana alisema nini mwaka ule, mpaka sentensi ya mwisho, na kwamba nilimwelewa. Utanisikia ukiwa chumbani, kuta zetu ni nyembamba. Nikinyamaza, utoke, uje na karatasi.

Baba yako